Mfungo wa Kesari

Talaja, 2 Agosti 1991

Mama mpendwa,

Jai Jinendra. Nimefika salama, ila miguu imevimba na mgongo unaniambia habari za treni nzima. Mama yangu mzazi alinitazama mlangoni, hata karibu hakusema, akauliza, "Huko Mumbai hawakulishi?" Nikamwambia mama mkwe wangu ananilisha mpaka naomba msamaha. Hakuniamini. Tangu jana nimenyweshwa samli ya kutosha kuwasha taa za hekalu lote, na bado miezi miwili mtoto azaliwe.

Simu ya huku imekufa tangu mvua iangushe nguzo kwenye barabara ya Mahuva, kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani.

Sasa habari za Kesari. Najua umechoka kunisikia, lakini wewe ndiye mlezi wake sasa, na Ketan ni mwanao unamjua, akimaliza kazi benki anakumbuka kriketi tu. Samaki malaika wawili wa kwanza walinifia kwa sababu hawakula. Baada ya yule wa pili ulisema kwamba nyumba yako si mahali pa kuua viumbe kwa ajili ya pambo la sebuleni, na akifa wa tatu tangi litashuka ngazi. Sikubishana nawe, maana haki ilikuwa yako. Kesari naye aligoma kula alipoletwa kutoka visiwani, mpaka nilipogundua kwamba hafukuzi chakula kinachoelea. Kule kwao anadonoa mwambani. Ukimrushia chakula kizuri kuliko vyote duniani, atakipita kana kwamba hakimhusu.

Kwa hiyo fanya hivi tu. Lile jiwe lenye matundu lililo kando ya tangi, lipake mchanganyiko wangu, uushindilie ndani ya matundu, kisha lizamishe polepole. Ni spinachi, njegere na mwani mkavu, hakuna nyama hata chembe, kama tulivyokubaliana. Najua sisi Wajaini hatuli majani miezi minne ya mvua, wala hayaingii jikoni mwako, ndiyo maana nilikausha kopo zima kabla. Pampu ya hewa isizimwe. Mikono iwe haina sabuni. Na asishtuliwe, maana ni mwoga kuliko bi harusi.

Mtoto anacheza sana.

Mkazamwana wako,
Falguni


Ghatkopar, Mumbai, 10 Agosti 1991

Mwanangu Falguni,

Jai Jinendra. Barua yako ina ukurasa mzima wa samaki na mstari mmoja wa mjukuu wangu. Nimeisoma mara mbili nikidhani karatasi nyingine imepotea njiani.

Mwambie mama yako samli ni nzuri lakini asizidishe. Mimi nilipomzaa Ketan nilinyweshwa hivyohivyo na kiuno changu hakijarudi hadi leo.

Kesari hajambo. Anakula vizuri. Usiumize kichwa, nimelea watoto watatu, wakwe wawili na baba mkwe aliyekuwa hana jino, sitashindwa na samaki wa ukubwa wa kiganja. Mambo madogo tu yamebadilika. Kopo lako limeota ukungu kwa unyevu huu, na ukungu nao una uhai wake, siwezi kuukoroga nikamlisha mtu. Majani mapya unajua mwenyewe, msimu huu kila jani limebeba wadudu, sitaua mia nimshibishe mmoja. Kwa hiyo nampa khakhra, zile chapati zetu kavu. Nazikausha kwenye kikaango, nazisaga laini, napaka samli kidogo zipate ladha, nanyunyiza juu ya maji. Asubuhi sikuti kitu, kumbe mtoto ana hamu yake! Wewe ulikuwa unamlisha matope.

Lile jiwe lako lilikuwa linanuka. Nimelitupa.

Nyingine ni kwamba nimehamisha kimadhabahu chetu kutoka chumbani nikakiweka sebuleni, pembeni ya tangi, pale pampu inapovuma. Siku nane za mfungo zinakaribia na wageni watakuwa wengi, chumbani hawaenei. Naye Kesari apate baraka. Asubuhi na jioni nawasha udi, napiga kengele, na yeye anatoka nyuma ya mwamba mbio kuja kutazama.

Kula. Lala ubavu wa kushoto. Usipande ngazi.

Mama yako,
Hasumati


Talaja, 17 Agosti 1991

Mama mpendwa,

Nilipofika kwenye khakhra nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Nilipofika kwenye samli nikaacha kucheka.

Usinikasirikie, nakuuliza tu. Umemwona kwa macho yako akichukua chakula mdomoni? Kutokukuta kitu asubuhi si ushahidi, Mama. Unga wa khakhra unazama, unaingia chini ya changarawe na kuoza humo, na samli inatanda juu ya maji kama kifuniko, hewa inashindwa kupita. Tafadhali Ketan atoe maji ndoo mbili, aongeze ya bahari tuliyohifadhi kwenye madumu ya kibarazani. Taratibu, si kwa kumwaga.

Na akitoka mbio kengele inapolia, haji kutazama. Anatafuta mahali pa kukimbilia.

Naomba unijibu upesi. Huku wamenikataza kusoma barua nikiwa nimesimama, eti mtoto atazaliwa na haraka. Nazisoma nimekaa chini kwenye mkeka na bado moyo unanienda mbio.

Falguni


Ghatkopar, 5 Septemba 1991

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa natafakari, na kwa sababu nyumba imejaa watu tangu alfajiri. Nina habari kubwa. Kaa chini kwanza.

Kesari amefunga.

Nakueleza ilivyokuwa. Uliniuliza kama nimemwona kwa macho yangu. Nikasema nitamtazama, nisije nikaambiwa na mkazamwana kwamba macho yangu yamezeeka. Nikavuta kiti, nikakaa. Khakhra ikapita mbele ya pua yake, hakugeuka. Nikampa unga wa choroko, hakugeuka. Nikamsagia lozi, lozi za Ketan za kuongeza akili, akazipa mgongo. Siku ya kwanza nikaona ni deko. Baadaye nikamtazama vizuri, ametulia mahali pamoja, macho hayachezi, anapepea mapezi polepole mbele ya kimadhabahu. Nikajiambia, Hasumati, umewahi kuona wapi kiumbe anawekewa lozi za samli akazikataa? Huyu ana nadhiri yake.

Nilimwambia Pushpaben wa ghorofa ya nne, kwa siri kabisa. Kufika jioni jengo zima lilikuwa mlangoni. Wanakuja na mchele, wanakuja na maua, wanakunja mikono mbele ya kioo. Watoto wanagonga kioo kwa vidole wapate baraka. Pushpaben, ambaye kwa miaka ishirini ameniringia kwa sababu mama yake alifunga mwezi mzima, jana ameniambia, "Hasumatiben, nyumba yako ina bahati." Nilijifanya sijasikia ili aseme mara ya pili.

Ketan alitoa maji kama ulivyoagiza. Alimwaga mengi sakafuni.

Leo nami nimeanza mfungo wangu, zote nane, maji ya kuchemsha tu, na mwisho kabla ya jua kuzama. Tunafunga pamoja, mimi na yeye. Sijawahi kuwa na mwenzangu mwenye moyo mgumu namna hii.

Mjukuu wangu hajambo? Sasa ni mimi ninayeandika ya samaki ukurasa mzima, na ninakuona unavyonicheka.

Mama yako,
Hasumati


Talaja, 9 Septemba 1991

Mama,

Sikucheki. Nimelia tangu posta ilipokuja, na mama yangu amekaa mlangoni akidhani uchungu umeanza.

Kesari hafungi. Anayefunga ni yule anayejua chakula kiko wapi akakiacha kwa hiari. Kesari hajui chakula kiko wapi. Jiwe lake halipo, majani yake hayapo, na chochote kinachoelea kwake si chakula. Ana njaa, Mama, na ni njaa ya zaidi ya mwezi. Akitulia mahali pamoja ni kwa sababu nguvu zimekwisha.

Na udi. Ile pampu inavuta hewa ya sebuleni na kuipuliza ndani ya maji. Kila unapowasha udi chini yake unampulizia moshi kifuani. Hebu wewe ufungiwe kabatini na chetezo uone kama utakuwa na hamu ya lozi. Watoto nao wanagonga kioo mchana kutwa, naye ni kiumbe wa kujificha.

Nisamehe kwa kukusemesha hivi, sijawahi, na siku hizi si za kusemeshana hivi. Lakini nikikaa kimya kwa adabu atakufa kwa adabu yangu.

Ondoa kimadhabahu kabla hujamaliza kusoma barua hii. Funika kioo kwa kitambaa. Kisha mambo ni mawili, chagua moja. La kwanza ni majani mabichi ya spinachi, msimu huu huu wa mvua, jikoni mwako. La pili, Ketan aende sokoni anunue kome, yule muuza samaki aliyeniuzia Kesari aliwahi kuniapia kwamba hakuna malaika anayekataa kome aliyefunguliwa. Najua ninaloomba. Afungulie nje, barabarani, akaoge kabla ya kuingia. Dhambi iandikwe kwangu, si kwako.

Tangi likishuka ngazi lishuke. Sitaki tangi tena. Sitaki tu afe.

Falguni


Ghatkopar, 14 Septemba 1991

Falguni mpenzi,

Barua hii nimempa binamu Bharat anayekuja huko kwa treni ya leo, posta itachelewa mno. Mama amenikataza kukuandikia. Nimejifungia bafuni, ndiyo maana karatasi imelowa.

Barua yako ilifika juzi. Aliisoma dirishani. Akaisoma tena. Akanyanyua kimadhabahu peke yake, mwanamke asiyekula wiki nzima, akakirudisha chumbani. Akafunika tangi kwa sari yake ya harusi. Akawafukuza wageni wote ngazini, hata Pushpaben akiwa na sinia la maua mkononi.

Mimi nikaona nisaidie. Nikaenda kununua kome, nikawatia mfuko ndani ya mfuko ndani ya mkoba wa ofisi. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Umebeba nini?"

"Vitabu, Mama."

"Vitabu vinavyochuruzika maji?"

"Mvua, Mama."

"Ketan. Wako hai?"

Unamjua, mbele ya macho yale hakuna anayeongopa. Nikasema wako hai. Basi, Falguni, nimekodi teksi kutoka Ghatkopar mpaka ufukweni, mwendo wa saa nzima katika mvua, nikawarudisha kome kumi na wawili baharini mmoja mmoja. Mwenye teksi alinisubiri akiwa amefunga milango. Alidhani mimi ni mwendawazimu.

Sasa lile ambalo nimekatazwa kukuambia. Jana ilikuwa siku ya kufungua. Ndugu wote walikuja, shangazi akaja na bakuli la fedha na maji ya choroko ya kumnywesha kwa mkono wake, kama kawaida. Mama akalisogeza bakuli pembeni.

"Nimemshindisha kiumbe na njaa nikaita utakatifu," alisema mbele ya wote. "Nimeita hadi majirani waje kushangilia njaa yake. Siku atakayokula yeye ndipo nitakapokula mimi."

Shangazi akalia. Daktari wa mtaani akaja, akampima shinikizo la damu, akatikisa kichwa. Anasema siku mbili, pengine tatu, baada ya hapo ni hospitali. Mama akamwambia akampime samaki kwanza.

Amewahi kunisikiliza lini mimi? Wewe unasikilizwa, ingawa hatakubali hata akiburutwa. Andika kitu. Chochote.

Ketan


TELEGRAMU
Talaja, 16 Septemba 1991

MAMA KULA TAFADHALI. SPINACHI NJEGERE SAGA GANDISHA KWA MWANI. TAFUTA JIWE LOLOTE LENYE MATUNDU. GIZA. KIMYA. ASIONE MTU. UCHUNGU UMEANZA USINIFANYIE HIVI. FALGUNI


TELEGRAMU
Ghatkopar, 17 Septemba 1991

AMEKULA. NIMEKULA. SUKUMA MTOTO. HASUMATI


Talaja, 20 Septemba 1991

Mama yangu,

Ni msichana. Alizaliwa kabla ya wakati wake lakini ana sauti ya kuuza mboga sokoni, mkunga anasema mapafu hayo hayana wasiwasi. Ana kidevu chako. Nasema hivyo kama sifa.

Telegramu yako ililetwa na tarishi mwenyewe, akaisoma kwa sauti uani kabla hajanipa, nami niko ndani nimeng'ang'ania kamba ya kitanda. Mama yangu hakuelewa nani amekula nini, lakini alipiga vigelegele, na wanawake wote uani wakafuata. Nilicheka katikati ya uchungu. Mkunga alinikaripia, akasema hajawahi kuona mtu anazaa huku anacheka.

Nataka kujua yote. Usinifupishie. Ukurasa mzima wa samaki, na ukinipa mstari mmoja nitarudi huko leo na kitanda changu.

Falguni


Ghatkopar, 26 Septemba 1991

Mwanangu, mama wa mjukuu wangu,

Kidevu changu! Nimemwonyesha barua kila mtu mwenye macho katika jengo hili na wawili wasio nayo. Nimesambaza kilo nne za pedha, vile vitamu vya maziwa. Pushpaben ana wajukuu wa kiume watatu, akaniambia, "Haya, msichana naye ni baraka." Nikamwambia naye nini? Huyu ameingia duniani mama yake akicheka, wa kwako waliingia vipi? Akanijibu kwa kula pedha mbili.

Sasa ya samaki, ukurasa mzima.

Telegramu yako ilifika nikiwa nimelala sebuleni chini ya tangi. Ketan aliniinua kichwa akanisomea. Aliposoma neno uchungu niliketi mwenyewe. Nikamwambia, nenda sokoni ukanunue spinachi.

Akasema, "Mama, mvua."

Nikamwambia, "Nimeuliza kuna mvua?"

Falguni, tangu nilipoolewa katika nyumba hii hakuna jani la kijani lililowahi kuingia jikoni mwangu miezi ya mvua. Mama mkwe wangu hakuliingiza, na wa kwake hakuliingiza. Ketan alirudi na fungu kubwa. Niliketi dirishani kwenye mwanga, nikalichukua jani moja moja, nikaligeuza mbele na nyuma. Kila mdudu niliyemwona nilimtoa kwa ncha ya unyoya nikamweka kwenye mti wa uani. Mimi nina njaa na wadudu nao hawana haraka. Pushpaben akaingia bila kubisha. "Hasumatiben! Majani! Mwezi huu!" Nikamwambia, ukitaka kusimama simama, ukitaka kusaidia kaa. Nakwambia ukweli, alisimama muda mrefu sana. Halafu akavua bangili, akakaa, akachukua fungu.

Tukasaga. Wewe uliwahi kuniambia kwamba watu wengine wanatia kitunguu saumu ili samaki apate hamu. Hilo sikutia. Hata njaa ina mipaka yake katika nyumba hii.

Ikabaki shida ya jiwe. Jiwe lako nililitupa mwenyewe, laana ya usafi wangu. Nikazunguka nyumba nzima nikishika kuta, nikatazama hadi ndani ya mapipa. Pushpaben ndiye aliyesema, "Na lile la kusugulia visigino?" Nilikuwa nalo jipya, kwenye karatasi yake, zawadi ya harusi ya mpwa wako. Limejaa matundu kama mkate. Tukashindilia majani ndani ya kila tundu kwa kijiti cha kibiriti, tukalizamisha, likaelea! Jiwe, Falguni! Miaka sitini na mbili nimeishi duniani nikidhani mawe yanazama. Ketan alitaka kulifunga kwenye uzani wa shaba wa dukani kwa marehemu baba yake, nikamzuia, nilikumbuka ulivyompigia kelele fundi siku ile alipotaka kutia bomba la shaba kwenye tangi, ukasema shaba ni sumu kwa samaki. Unaona kwamba nasikiliza. Tukalifunga kwa uzi kwenye mchi wa jiwe wa kinu cha viungo, likashuka taratibu mpaka mbele ya mwamba wake.

Nikawatoa watu wote nje, nikafunga madirisha. Kabla ya kufunika sari nilifanya jambo ambalo sitaki Ketan alijue. Nilipiga magoti mbele ya kioo nikakunja mikono. Siku ya mwisho ya mfungo nilikuwa nimeomba msamaha kwa kila mtu kama desturi yetu, kwa ndugu na majirani, kwa mwenye duka la maziwa niliyemwita mwizi. Kwa huyu sikuomba. Nikamwambia, Kesari, nilikuumiza nikajisifu kwa maumivu yako, nisamehe. Hakugeuka. Alikuwa amekonda hadi mgongo umekuwa kisu, na ile njano yake imefifia kama nguo iliyofuliwa mno. Nikafunika, nikaacha upenyo wa jicho moja.

Nilikaa. Sikumbuki muda. Niliona vitu vyeusi vikicheza mbele ya macho nikadhani ndiyo basi, nitaondoka mimi kabla yake. Halafu akajongea. Akalizunguka lile jiwe la visigino mara moja, mbali, kama mwanamke anayepita dukani akijifanya hataki kununua. Akarudi. Akainama upande. Akadonoa.

Sikupumua. Akadonoa tena. Mara ya tatu akang'oa kipande kizima cha kijani, akakitafuna, nikakiona kinaingia, kwa macho yangu, uniulize tena kama nimeona kwa macho yangu! Nikapiga ukelele wa furaha ndani ya mtandio wangu ili asisikie. Ketan aliingia akitambaa kwa magoti, Pushpaben nyuma yake anatambaa, na mwili wake ule, sote watatu chini ya sari ya harusi yangu tunagombania tundu moja. Ketan analia, mimi nalia, Pushpaben ananiambia, "Sogea, nami nione."

Aliyeninywesha maji ya choroko alikuwa ni yeye, Pushpaben, kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii shangazi hakufika kwa wakati. Nimekunywa vitu vingi maishani mwangu lakini ladha ile sikuwahi kuipata.

Tangi halishuki ngazi. Nasema mbele yako na mbele ya mjukuu wangu. Kesari anakula asubuhi, mchana na jioni, tumbo limejaa, rangi imerudi hadi ile milia ya buluu inawaka. Nina mawe manne ya visigino sasa, moja tangini na matatu yanakauka kivulini na chakula chake. Juzi yule muuza samaki wako alimtuma Ketan aniulize nampa nini, maana yeye malaika wake watatu wamegoma kula na kome kawapa. Nilimwambia Ketan amwambie aje mwenyewe, avue viatu mlangoni.

Jambo la mwisho. Watu wa hekaluni walisikia kwamba nilifunga zaidi ya zile nane, wakaamua kunitembeza mtaani kwa gari la farasi na bendi, kama wanavyofanyiwa wafungaji wakubwa. Nilikataa, nikasema mimi ni mtu aliyekosea hesabu. Hawakusikia. Jana wakaja, gari limepambwa maua, watu mia na zaidi, wapiga tarumbeta kumi na wawili wamevaa makoti mekundu, na ngoma kubwa ya kutikisa vioo. Walianza kupiga chini ya dirisha letu, kwa nguvu zao zote, wakinisubiri nishuke.

Ilikuwa saa ya chakula chake cha jioni. Ndiyo kwanza alikuwa amesogelea jiwe.

Nilitoka kibarazani na sari yangu mpya, bizari ya jikoni ingali mikononi, nikainama juu ya ukuta, nikaita kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo, "Nyamazeni! Kuna mtu anakula!"

Wakanyamaza wote, bendi, farasi, jengo zima, na Pushpaben akaweka kidole mdomoni kuwaonya watoto. Walisimama pale chini katika manyunyu, tarumbeta mikononi, hakuna aliyepuliza, mpaka Kesari aliposhiba.

Mama yako,
Hasumati